KUPANDA TENA BAADA YA MATESO

Somo kwa mikutano ya sala, kwa wamama, vijana na wazee wa kanisa

Mafungu ya kusoma kabla ya somo: Yeremia 28:1-17, Yeremia 29:1-14, Yeremia 32:1-15, Ezra 3:8-13, Zaburi 126, Waroma 5:1-5.

Neno kubwa la somo: Tumaini la Mkristo si kusahau yaliyopita, wala si kungoja huku tumekunja mikono. Ni kupanda tena katika udongo uleule tulimozika watu wetu, lakini kwa mbegu iliyo safi.



Katika somo hili tutajifunza juu ya kufanywa upya baada ya mateso. Neno hili ni jepesi kwa mdomo. Lakini hapa Wamaza, na katika njia zote zinazotoka hapa kwenda Kasongo na Kabambare, neno hili lina uzito, kwa sababu hakuna nyumba ambayo haikulala porini wakati fulani, na hakuna ukoo usio na kaburi ambalo watu hawajui liko wapi. Kwa hiyo tusilifundishe kwa haraka. Tulifuate Neno la Mungu hatua kwa hatua.

1. MATESO YATAJWE KWA MAJINA YAKE

Biblia haifichi mateso. Kitabu cha Maombolezo kina sura tano, na karibu zote ni kilio. Mungu hakukitoa katika Neno lake. Mwenye kutumaini hakatazwi kusema yaliyompata. Na sisi tuyataje ya kwetu.

Babu za babu zetu waliona misafara ya watumwa. Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Tippo Tip, na watu wa nchi hii walitiwa minyororo na kubebeshwa pembe za tembo mpaka pwani. Halafu vita ya mwaka 1892 mpaka 1894, kati ya Waarabu na askari wa mfalme Leopold II, ilipita juu ya vichwa vyao. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Bwana mmoja aliondoka, mwingine akaingia, na watu wakapigwa kiboko juu ya mpira na pembe. Mwaka 1964 ulikuja wakati wa Simba, ambao wengine wanauita wakati wa Mulele, na watu waliuawa na Simba na wakauawa pia na waliokuja kuwafukuza Simba. Mwaka 1996 vita ilianza Kivu, na mwanzoni mwa mwaka 1997 ilifika Maniema. Tarehe 2 Agosti 1998 vita nyingine ilianza. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Kindu ilianguka. Serikali ya umoja iliundwa tarehe 30 Juni 2003, lakini upande wa Salamabila na Namoya, kwenye dhahabu, bunduki ziliendelea kulia hata baada ya hapo.

Tangu mwaka 2023 taifa letu linakumbuka wafu wa vita kila tarehe 2 Agosti. Ni jambo zuri, na kanisa lisikae nyuma. Mtu anayemwambia mjane: «Nyamaza, mama, hayo yamepita, imba tu,» hamfundishi tumaini. Anamfundisha kulia peke yake usiku. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua atamfufua punde si punde (Yoane 11). Kama machozi yangekuwa upungufu wa imani, Bwana asingelia.

2. HANANIA NA YEREMIA: UTAMU WA NENO SI ALAMA YA UKWELI

Someni Yeremia 28. Nebukadneza alikuwa amekwisha kuchukua mfalme, vyombo vya hekalu na watu wengi kwenda Babeli. Ndipo nabii mmoja jina lake Hanania akasimama katika nyumba ya Mungu mbele ya makuhani na watu wote. Akatangaza kwamba kwa muda wa miaka miwili tu vyombo vyote vitarudi na watu wote watarudi. Akaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja. Bila shaka watu walipiga vigelegele.

Angalieni jibu la Yeremia. Hakukasirika kwanza. Alisema Amina! Aliomba Mungu afanye hivyo. Yeremia naye alitamani ndugu zake warudi. Lakini aliongeza kwamba nabii anayetangaza amani atajulikana siku neno lake litakapotimia. Baadaye neno la Mungu likamjia: nira ya mti imevunjwa, lakini mahali pake itakuja nira ya chuma. Hanania alikufa mwaka uleule, katika mwezi wa saba. Watu hawakurudi baada ya miaka miwili.

Ndugu, sisi ni kanisa linaloamini kwamba Roho wa Mungu anasema hata leo. Kwa hiyo somo hili linatugusa sisi mbele ya wengine. Katika miaka ya vita watu wetu walikuwa na njaa ya neno jema, na palipo na njaa, yeyote mwenye chungu anaitwa mpishi. Mama aliyepoteza mtoto njiani akiambiwa kwa maono kwamba mtoto atarudi kabla ya mavuno, atauza mbuzi wake kwa furaha atoe sadaka ya shukrani. Mavuno yatafika na mtoto hatakuja. Hapo mama yule atakuwa amempoteza mtoto mara mbili, na mara ya pili ni sisi tuliompokonya.

Basi tujifunze kupima. Neno linalotoka kwa Mungu linaweza kuwa tamu na linaweza kuwa chungu, lakini halimdanganyi anayelia. Na anayeona maono asiogope kusema: «Sijaonyeshwa.» Yeremia alinyamaza na kwenda zake mpaka Mungu aliposema naye tena (28:11).

3. BARUA KWA WALIOHAMISHWA

Katika sura ya 29 Yeremia anawaandikia wale walio Babeli. Fungu la 11 la sura hii linapendwa sana. Tunaliona limeandikwa kwenye kuta za nyumba na kwenye magari, fungu la Mungu mwenye mawazo ya amani juu ya watu wake. Lakini kabla ya la 11 liko la 10, na la 10 linataja miaka 70. Aliyesoma barua ile akiwa na umri wa miaka 40 alifahamu mara moja: mimi nitazikwa huku, atakayerudi ni mtoto wangu au mjukuu wangu.

Na je, Mungu aliwaambia waketi chini wangoje miaka 70? Hapana. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, na hata wauombee amani mji ule wa ugeni. Tumaini lao lilikuwa na jembe mkononi.

Katika nchi yetu tuna ushuhuda wa namna hii. Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na mwezi wa Septemba mwaka uleule alikamatwa. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Waliomfuata walihamishwa mbali na kwao. Wengine walifikishwa mpaka Lowa, kwenye mto huuhuu wetu, chini ya Kindu. Huko walilima, walizaa, waliomba. Kanisa lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, na mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa la Ulimwengu. Mwenye kupanda hakuona mavuno kwa macho yake. Je, tuseme alitumaini bure?

4. SHAMBA LA ANATOTI

Sasa tufike sura ya 32, ambayo ni moyo wa somo. Ni mwaka wa kumi wa Zedekia. Askari wa Babeli wamezunguka Yerusalema. Yeremia yuko kifungoni katika uwanja wa walinzi. Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, anakuja na kumwambia anunue shamba lake la Anatoti.

Fikirini jambo hili kama watu wa mashamba. Shamba lile limeshikwa na adui. Mnunuzi ni mfungwa. Vita haijaisha, na Yeremia mwenyewe ametabiri kwamba mji utaanguka. Ni nani anunue shamba siku kama hiyo? Lakini Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaitia muhuri. Akamwagiza Baruku atie hati zile katika chungu cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Maana yake ni moja: nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Hapa tunaona tofauti ya Hanania na Yeremia. Hanania alitoa maneno, na hayakumgharimu kitu. Yeremia alitoa fedha yake. Mkitaka kujua kama mtu ana tumaini, msisikilize tu anavyoomba. Tazameni anapanda nini, anajenga nini, anamsomesha nani.

Zaburi 126 inasema juu ya mtu anayekwenda kupanda huku analia. Juu ya nini alie? Sisi tunajua. Mpunga uliobaki katika kikapu unatosha kupikia watoto siku chache. Mama anajua kwamba akiutwanga leo watoto watalala wameshiba, na akiumwaga shambani watoto watalia leo ili wapate kula mwaka kesho. Wengi wa wamama wetu waliorudi kutoka porini walifanya hesabu hiyo mbele ya jiko lisilo na moto. Walipanda. Ndiyo sababu sisi tuko hapa. Mahubiri makubwa juu ya tumaini katika nchi hii yalihubiriwa na wamama wenye jembe, bila mimbara.

5. KIJITI CHA MUHOGO

Lakini kupanda peke yake hakutoshi. Kila mkulima anajua ule ugonjwa wa muhogo ambao majani yanajikunja na kupata madoa ya njano, na mizizi inabaki midogo kama kidole. Wadudu wadogo weupe wanaupeleka kutoka shamba mpaka shamba. Lakini mara nyingi anayeupeleka ni sisi wenyewe. Tunakata kijiti kwenye mti mgonjwa, tunakibeba mbali, tunafyeka pori jipya, tunatifua udongo mzuri, na tunapanda humo ugonjwa wa zamani. Shamba ni jipya, jembe ni jipya, lakini muhogo ni uleule mgonjwa. Mkulima mwenye akili anatembea kwanza katika shamba, anachagua mti wenye majani mazima, na hapo ndipo anapokata.

Ndugu, baada ya vita kila mmoja wetu amerudi na vijiti. Mwingine amebeba kijiti cha kabila: watu wa upande ule ndio waliotuuza. Mwingine amebeba kijiti cha kisasi: nimemwona aliyeondoa mabati ya nyumba yangu, siku yake itafika. Mwingine amebeba kijiti cha uongo, kwa sababu porini uongo ulimwokoa na sasa hawezi kuuacha. Tukipanda vijiti hivyo katika kanisa, tutajenga jengo la matofali ya kuchoma, tutaimba vizuri, na baada ya miaka michache majani yatajikunja.

Hatusemi kwamba haki isidaiwe. Shamba lililochukuliwa lirudishwe. Jambo lipelekwe kwa wazee, kwa chifu au kwa hakimu. Zakayo alipookoka alirudisha mara nne (Luka 19). Msamaha usio na kweli ni kufunika kidonda chenye usaha. Lakini kudai haki ni jambo moja, na kulea chuki ni jambo lingine. Wa kwanza anataka shamba lake. Wa pili anataka jirani yake asiwe na shamba.

Na Mungu anaweza kutoa kitu kisafi hata katika njia chafu. Kiswahili hiki tunachoombea kilifika kwetu na misafara ile ya Kasongo, na mpunga tunaokula ulifika na watu walewale. Misafara ilikuwa uovu, na itabaki uovu. Lakini njia iliyopitisha minyororo leo inapitisha Injili. Yosefu aliwaambia ndugu zake jambo kama hilo huko Misri (Mwanzo 50:20).

6. WANAORUDI

Tumaini letu linapimwa hasa siku mtu anaporudi. Tutaje watatu.

Wa kwanza ni mwanamke aliyetendewa kwa nguvu na wenye silaha. Mara nyingi alirudi nyumbani akakuta mlango umefungwa, mume akisema ni aibu. Aibu ya nani? Mwizi akivunja nyumba, je, tunaifukuza nyumba? Daktari Denis Mukwege alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, na wagonjwa waliuawa katika vitanda vyao. Angeweza kuacha kazi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilianza Bukavu, na huko maelfu ya wanawake wamerudishiwa afya. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Yeye ni mtoto wa mchungaji, na ni mhubiri. Kazi yake ilikuwa shamba lake la Anatoti. Sisi hatuna hospitali, lakini tuna mlango na tuna benchi la kanisa. Mama yule akae mbele pamoja na wengine, na mtoto aliyezaliwa katika jambo lile aitwe kwa jina lake, asiitwe kwa jina la vita.

Wa pili ni kijana aliyekuwa kadogo. Alibeba bunduki akiwa na umri wa kwenda shule. Wengine walimchukua kwa nguvu, wengine alikwenda mwenyewe kwa sababu ya njaa au hasira. Baba wa mwana mpotevu alikimbia kumlaki mwanawe (Luka 15), lakini kaka yake alibaki nje. Kanisa lisiwe yule kaka. Kijana akubali kosa lake, apewe kazi, apewe mzee wa kumwangalia. Asipopata jembe kwetu, atajua mahali pa kupata bunduki.

Wa tatu ni mtoto au mzee anayeitwa mchawi. Vifo vinapokuwa vingi, watu wanatafuta wa kulaumu, na mara nyingi wanamchagua asiye na mtetezi: yatima, mjane, bibi kizee. Tangu mwaka 2009 sheria ya nchi inayolinda watoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Hata bila sheria ile, Yesu aliwakumbatia watoto. Maono yasitumiwe kumtoa mtoto nyumbani. Anayefanya hivyo anamaliza kazi ambayo vita ilianza.

7. MACHOZI NA VIGELEGELE PAMOJA

Tumalize na Ezra 3. Waliohamishwa wamerudi. Wanaweka msingi wa hekalu jipya. Makuhani wanapiga tarumbeta, watu wanamsifu Mungu. Lakini wazee walioona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kubwa, na wengine wanapaza sauti kwa furaha. Biblia inasema hakuna aliyeweza kutenganisha sauti ya furaha na sauti ya kilio.

Hakuna mahali ambapo kitabu cha Ezra kinawakemea wazee wale. Hatusomi kwamba waliambiwa wanaharibu sikukuu. Na wazee hawakuwaambia vijana wanyamaze juu ya heshima ya wafu. Msingi uliwekwa na wote wawili. Hivyo ndivyo kanisa linavyofanywa upya. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2003 anapiga ngoma, na mzee aliyekaa nyuma anafuta macho kwa sababu ngoma ile aliipiga zamani pamoja na rafiki ambaye hayupo. Wote wawili wanamwabudu Mungu. Siku itafika ambapo Mungu mwenyewe atafuta kila chozi (Ufunuo 21:4). Mpaka siku hiyo, kazi ya kufuta isifanywe na mikono yetu kwa nguvu.

Paulo anafundisha katika Waroma 5 kwamba mateso yanazaa uvumilivu, uvumilivu unazaa uthabiti, na uthabiti unazaa tumaini. Angalieni mahali tumaini lilipo: liko mwisho. Ni tunda, na tunda halitoki siku ya kupanda.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini Yeremia alisema Amina kwa neno la Hanania, na kwa nini hakulifuata?
2. Miaka 70 ya Yeremia 29:10 inatufundisha nini juu ya watoto na wajukuu wetu?
3. Katika kanisa letu, «shamba la Anatoti» la mwaka huu linaweza kuwa nini?
4. Ni kijiti gani kigonjwa ambacho sisi wenyewe tumekibeba kutoka wakati wa vita?
5. Ni nani amerudi katika kijiji chetu na hajapata benchi la kukaa?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kundi la sala lichague nyumba moja ya mjane au ya mtu aliyerudi, na lifanye salongo katika shamba lake siku moja. Kila anayekuja alete vijiti vya muhogo vilivyochaguliwa kwenye mti mzima, au kikombe kimoja cha mpunga wa mbegu. Kabla ya kuanza kulima, mwenye nyumba apewe nafasi ya kutaja majina ya watu wake waliokufa, akipenda. Wote wasimame kimya, kisha waombe, kisha washike jembe.

SALA

Ee Mungu wa babu zetu na wa watoto wetu, wewe unajua makaburi tusiyoyajua. Utulinde na maneno matamu yasiyo yako. Utupe nguvu ya kupanda huku tunalia, na akili ya kuchagua mbegu. Utupe mlango wazi kwa kila anayerudi. Katika jina la Yesu Kristo aliyefufuka. Amina.